Nusu ya Tangi

Ngumi ya kwanza ilitua kwenye taya kabla mtu hajamaliza kusema alichotaka kusema. Ilikuwa asubuhi kweupe, ndani ya karakana ya kuchomelea vyuma, na aliyepiga ni fundi mwenyewe, kaka mkubwa, mtu aliyeshika nyundo tangu ndevu hazijamtoka. Aliyepigwa ni mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa pikapu yao. Mtaa mzima ulimwita Rubani kwa jinsi alivyokaa kwenye usukani kama anasubiri ruhusa ya kupaa. Rubani hakuanguka. Alitema damu, akaokota spana ya magurudumu, akamtandika kaka yake begani hadi fundi akapiga magoti kwenye vumbi la chuma.

Na ugomvi wenyewe wa nini? Wa petroli. Hamna mwanamke, hamna shamba, hamna lolote la maana. Lakini watu wazima wakishaanza kutoana damu kwa ajili ya petroli, ujue chini yake kuna kingine.

Gari hilo waliachiwa na marehemu baba yao. Lilikuwa na injini kubwa na nguvu za kubeba nyumba, ila fundi alilibatiza Mlevi, maana lilikunywa likienda kazini, likanywa likirudi, na likisimama kwenye foleni linaongeza. Kila geti walilompelekea mteja, faida iliishia tangini. Sasa fundi alikuwa ameonana na muuza magari, akaonyeshwa kipikapu kidogo, kile cha kunusa mafuta tu na safari ikaisha. Wabadilishane: Mlevi aende, kidogo kije. Na kidogo hicho, alisema, angekiendesha mwenyewe.

Hapo ndipo mori ulipompanda Rubani. Kuchomelea hakujua, shule ilimshinda, na kazi aliyopewa na baba kwa mkono wake ilikuwa moja tu. "Siku gari hilo likitoka hapa," alisema, spana bado mkononi, "na mimi natoka. Na msinitafute."

Fundi alimjua. Huyu akiondoka, ameondoka. Na ukweli usemwe: fundi alimpenda mdogo wake kuliko alivyojua kuonyesha. Ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Lakini kumwambia hivyo? Angeona heri ameze msumari.

Mama yao alitoka uani na ndoo ya maji ya kupozea vyuma, akawamwagia wote wawili kama mbwa wanaogombana njiani. "Chuma kikivunjika mnakichomelea," alisema. "Haya, na undugu je? Nani kati yenu ana mashine yake?"

Maji yaliwachuruzika. Rubani ndiye aliyetoa wazo. Tangi lijazwe pomoni. Wapeleke geti la yule mteja wa ng'ambo ya milima, warudi. Mshale wa mafuta ukiwa bado juu ya nusu, gari halitauzwa. Ukishuka chini ya nusu, muuza magari aje alichukue, na yeye atafunga mzigo wake bila neno. Fundi akakubali haraka, kwa sababu alijua Mlevi hajawahi kuvuka milima ile akarudi na nusu. Hata moyoni alishaanza kumwonea mdogo wake huruma, huruma ile ya mtu anayejua atashinda.

Geti lilikuwa zito, limepambwa vichwa vya mikuki juu, kila kimoja fundi alikinoa kwa mkono. Mteja alitaka mwizi akiliona tu ajutie kuzaliwa. Walilipakia kama walivyozoea, mikuki ikielekea mbele, nyuma ya vichwa vyao. Ikielekea nyuma, fundi alisema siku zote, itachoma magari ya watu kwenye foleni, na sisi hatutaki kesi. Sisi hatutaki kesi. Ona mtu na akili zake.

Walipanda mlima. Taya la Rubani lilikuwa limevimba, bega la fundi linawaka moto. Rubani aliendesha kwa mguu mwepesi, analibembeleza gari, na fundi jicho lake halikubanduka kwenye mshale. Ulikuwa umeshuka kidogo tu. Walipofika kileleni, pale barabara inapoinama na kuanza kujipinda, Rubani akazungusha ufunguo, injini ikanyamaza. Gari likaanza kuserereka lenyewe, upepo tu unasikika.

"Unafanya nini?"

"Naendesha gari."

"Umezima injini."

"Mteremko una nguvu zake za bure, Kaka. Kwa nini niulipie?"

"Huo ni wizi."

"Ulisema mshale. Hukusema injini iwake."

Na kweli hakusema. Fundi aliutazama ule mteremko mrefu, akaona safari nzima mbele yake: huku wataserereka, wakirudi wataserereka upande wa pili, na jioni atasimama mbele ya mama yake akiwa ameshindwa na mtoto aliyemfundisha yeye mwenyewe kufunga viatu. Hasira hasara, kila mtu anaijua methali hiyo, na kila mtu siku yake ikifika hujifanya kiziwi. Akanyoosha mkono.

"Mashindano yamekwisha," akasema, akachomoa ufunguo.

Ufunguo wa gari zuri ungekataa. Wa Mlevi ulikuwa umelika miaka mingi, ukatoka kwa vidole viwili.

"Rudisha," Rubani alisema. Alisema kwa sauti ndogo, maana ufunguo ulipotoka usukani ulijifunga mikononi mwake na kona ilikuwa inakuja. Akakanyaga breki, nazo injini ikiwa imezimwa zilikuwa ngumu kama jiwe. Fundi alijaribu kurudisha ufunguo, hakuona tundu. Gari likaenda moja kwa moja likagonga ukuta wa mwamba. Gari likasimama. Geti halikusimama.

Fundi alipofumbua macho, pua yake ilikuwa upande mmoja wa uso na mdomo umejaa meno yasiyo na mahali. Mkuki mmoja ulikuwa umepita baina ya vichwa vyao ukapasua kioo cha mbele. Mwingine ulikuwa umemwingia Rubani mkono wa kulia, juu ya kiwiko, ukatokea upande wa pili ukaupigilia mkono kwenye usukani. Damu ilikuwa inaruka kwa mapigo. Rubani hakulia. Alikuwa anautazama mkono wake kana kwamba ni wa abiria.

Watu walifika mbio, na wengine wamefika na madumu. Kufa kufaana. Fundi alipotoka akayumba hadi nyuma kutafuta msumeno, alimkuta mwanamume amelala chini ya gari, mpira mdomoni, ananyonya petroli. Alimvuta miguu akamshindilia mateke ya mbavu hadi yule mtu akatapika mafuta.

"Lakini limejaa, bosi," mtu yule alilalamika, amejikunja. "Tangi limejaa kabisa. Tuliache liungue?"

Fundi alimwacha hapo. Alifunga mkono wa mdogo wake kwa mshipi, akapanda kabini na msumeno wa chuma, akaanza kuukata mkuki. Hakuwahi kumtengenezea mteja kitu kwa chuma laini. Kila alipovuta msumeno, nondo ilitikisika ndani ya nyama, na Rubani akamng'ata bega, lile lile lililopigwa spana, na fundi akamwambia ang'ate tu, ang'ate zaidi.

Mkono haukuokolewa. Waliukata hospitali, siku hiyo hiyo.

Kesho yake askari wa barabarani alisimama kando ya kitanda na kuuliza kilichotokea. Mama yao alikuwa amekaa kwenye kiti, fundi amesimama ukutani, uso mzima bandeji. Rubani alilamba midomo.

"Gari bovu," alisema. "Usukani ulijifunga wenyewe. Kaka alisema siku nyingi tuliuze, mimi sikusikia."

Mtu huyu hakuwahi kuruhusu Mlevi asemwe vibaya, hata kwa utani. Askari aliandika, akaaga, akaenda. Mama akamgeukia fundi, macho yamejaa machozi. "Ungesikilizwa wewe, mwanangu," alisema. "Ungesikilizwa wewe tangu mwanzo."

Fundi angeweza kuinamisha kichwa, yakaishia hapo. Alijaribu. Hakuweza.

"Mama, mimi ndiye niliyechomoa ufunguo," alisema. "Gari likiwa mwendoni. Alikuwa anashinda."

Mama alisimama. Alimpiga kofi la kwanza juu ya bandeji, la pili, kisha akafunga ngumi akampiga kifuani, mdomoni, popote, na damu ikaanza kupenya kwenye kitambaa. Fundi hakujikinga. Alipoinua mikono ilikuwa kumshika mama asianguke, naye akavua kiatu akaanza kuipiga mikono hiyo kwa kisigino chake.

"Mama, usimvunje mikono," Rubani alisema kitandani. "Tumebaki nayo hiyo tu."