Karatasi Moja Haikuungua

Nilisikia ndoo kabla sijafika getini. Ndoo yenye maji hailii. Hizi zilikuwa zinalia, nyingi kwa pamoja, plastiki kwa plastiki, na katikati yake ilisikika sauti ya bomba linalotoa hewa. Nikajua tangi limekauka.

Ilikuwa Jumatano. Shule yetu ya masista iko mashariki ya Dodoma, ukishapita Nzuguni, na maji ya mgao hutufikia Jumanne tu. Jumanne hiyo tulikuwa tumejaza tangi zima, lita elfu kumi, kwa ajili ya Jumapili: watoto thelathini na wawili wa darasa la nne walikuwa wapokee Komunyo ya Kwanza. Wazazi wangekuja, na mabibi kutoka Kongwa, na wajomba ambao huwaoni mpaka kuwe na pilau. Sasa watoto walikuwa wamepanga mstari mbele ya bomba wakitazama hewa.

Mimi ndiye Mwalimu Silvano. Nafundisha Kiswahili na Dini, na ndiye niliyewaandaa watoto hao kwa Komunyo. Ngonjera ya Jumapili niliitunga mwenyewe. Mashairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuhesabu mizani vidoleni, na siku zile niliamini hakuna kazi kubwa kuliko hiyo katika mkoa mzima.

Tangi halikuwa na ufa. Sista Miriam, mwalimu mkuu wetu, alilizunguka mara mbili akipapasa chini kwa mkono, akakuta pakavu. Mlinzi wa getini aliapa kwamba hakusikia kitu usiku kucha, na redio yake ilikuwa shahidi. Mpira wa kumwagilia maua ulikuwa stoo, umekunjwa vizuri. Kisha mtu akachungulia nyuma ya ua wa minyaa, kwenye matuta ya mzee Swalihu. Mchicha ulikuwa unang'aa. Udongo ulilowa hadi kiatu kinazama.

Swalihu ni mtunza bustani wetu, mzee wa Kiislamu kutoka Kondoa. Amekaa na masista miaka kumi na moja, na chumba chake kiko huko huko nyuma ya ua, ambako Sista amemruhusu kulima matuta manne. Hakuna mwalimu ambaye hajala mchicha wake. Asubuhi ile tuliutazama wote kama mali ya wizi.

Aliitwa ofisini mbele ya walimu. Akasema hakufungua bomba lolote, na kwamba maji yale yaliteremka kutoka juu, upande wa groto, lile pango la sanamu ya Bikira Maria. Alitaka kuendelea. Nikamkatiza. Sikuwa na ushahidi, ila nilikuwa na vina, na vina vikinijia huwa sijui kunyamaza. Nikasimama nikasema:

Tangi limekauka, mchicha umenona,
Aliyeyapeleka, Mungu amemuona.

Walimu wakacheka. Tereza, mpishi wetu, akasema kwamba Jumapili atawapikia wageni kwa beti zangu, maana sufuria zake hazina kingine cha kutia. Wakacheka tena. Sista Miriam hakucheka, lakini hakunikemea. Alimpa mzee Swalihu hadi Ijumaa jioni aeleze maji yalikwenda wapi. Akishindwa, Jumamosi asubuhi apande basi la Kondoa, kabla wageni hawajafika.

Mzee alitutazama mmoja mmoja, akatoka.

Sijui nani alizipeleka beti zangu uwanjani. Wakati wa mapumziko darasa la pili walikuwa wanarukia kamba kwa beti hizo. Swalihu alikuwa anafagia majani hatua kumi kutoka pale, na hakuinua kichwa. Nikasema moyoni: asiye na hatia angekasirika. Najua vizuri kwamba kama angekasirika, ningesema mwenye hatia ndiye mkali.

Tangu siku hiyo niliacha kumwamkia. Nilipita mbele yake kimya, na yeye akasema "Marahaba, Mwalimu," kana kwamba nimemsalimu. Hilo nalo nililihesabu kuwa ujeuri.

Alhamisi nilimchunguza kutwa. Watoto walikuja kila mmoja na dumu la lita tano kutoka nyumbani, na baadhi walipompita waliimba kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa dirishani nikisahihisha madaftari, jicho moja nje. Saa nne nilimwona ameinama kwenye mtaro mdogo unaotoka groto hadi kwenye ua, akichomeka kijiti udongoni, akikitazama, kisha akisogea hatua mbili na kukichomeka tena. Akafika groto. Akatazama kushoto na kulia. Halafu akalishika bomba la kumwagilia maua lililo pale na kulikaza kwa mikono miwili, mabega yakipanda.

Nikatoka mbio nikamkuta anapangusa viganja.

"Unafuta nini hapo?" nikamuuliza.

"Sifuti. Nafunga," akasema. "Hili bomba lilikuwa wazi, Mwalimu. Gumu hili. Hata mimi linanishinda."

Nikamwambia limekuwa wazi kwa sababu yeye ndiye aliyelifungua, na sasa anatafuta wa kumsingizia, pengine Bikira Maria mwenyewe. Akaokota kijiti chake. Akasema kwamba siku ya kwanza alitaka kusema mbele za watu, mimi nikaimba. Siku ya pili hasemi na mimi. Akaenda zake.

Nilimweleza Sista kwamba nimemwona mzee akiharibu ushahidi. Sista aliandika kwenye daftari lake. Kalamu niliiona ikikandamiza karatasi.

Ijumaa ilikuwa siku ya kitubio. Paroko alikuja saa nane, akaketi ndani ya kikanisa chetu. Nje, kwenye mabenchi, nilikuwa nimewagawia watoto vipande vya karatasi waandike dhambi zao wasije wakasahau mbele ya padre. Mmoja aliniuliza kama dhambi huandikwa kwa penseli au kwa kalamu. Nikamwambia kwa penseli. Nikawaambia pia, kama nilivyowaambia wiki nzima, kwamba hakuna mtu atakayezisoma, hata mimi. Kila mtoto akitoka kwa padre ataitupa karatasi yake kwenye debe nyuma ya kikanisa, na nitazichoma zote mbele yao.

Walikuwa na hofu tamu ya watoto. Waliingia na vichwa chini, wakatoka wamechangamka, wakashindana kufika kwenye debe. Gladness, aliyekuwa na beti nyingi kuliko wote katika ngonjera yangu, hakushindana na mtu. Alikaa ndani muda mrefu kuliko wenzake, akatoka macho mekundu, akaitupa karatasi yake bila kuitazama.

Niliwasha moto. Upepo wa Dodoma mnaujua: hauombi ruhusa. Ulizamisha mkono ndani ya debe ukatoa karatasi moja, ukaibingirisha hadi chini ya minyaa. Watoto walikuwa wanatazama moshi. Mimi niliifuata ili niirudishe.

Nilipoiokota ilikuwa imefunguka, na nililoona kwanza ni jina langu. Kama nisingeliona jina langu ningeirudisha kwenye debe. Naandika ukweli. Nilidhani kuna mtoto amenisengenya, nikataka kujua ni nani na amesema nini. Nikaisoma yote.

Iliandikwa hivi: "Nimesema uongo mara tatu. Nimempiga mdogo wangu. Jumanne bomba la Bikira Maria lilikataa kufunga. Nilienda kumwambia Mwalimu Silvano akasema atakayemsumbua tena hatasema ngonjera. Nikaenda nyumbani. Asubuhi nikawahi nikakunja mpira. Babu Swalihu wanamwimba na mimi nimeimba."

Mwandiko wa Gladness naujua. Herufi zake za "m" zina miguu mirefu.

Nikaikumbuka Jumanne. Niliwatuma watoto sita wa zamu kumwagilia maua ya groto, kisha nikajifungia darasani na ubeti wa mwisho uliokuwa unanisumbua mizani. Mlango uligongwa. Sikugeuka hata kuona ni nani. Nilisema maneno yale yale aliyoyaandika, kwa ukali wangu wote, na nikasikia viatu vidogo vikiondoka. Bomba lilitiririka jioni nzima na usiku mzima, maji yakafuata mtaro, yakapita chini ya ua, yakaingia kwenye mchicha wa mtu aliyelala. Udongo wa maua ulikuwa umelowa asubuhi, lakini nani angeshangaa? Maua yalikuwa yamemwagiliwa.

Nilisimama na karatasi mkononi. Jua lilikuwa linashuka, na Sista alikuwa amesema Ijumaa jioni. Nikimpelekea karatasi, mzee anabaki, na mtoto wa miaka kumi anajua kwamba alichomweleza Mungu kimesomwa ofisini, siku mbili kabla ya Komunyo yake. Nikiichoma na kunyamaza, mzee anapanda basi. Nikaikunja nikaitia mfukoni, nikaenda ofisini bila kujua nitasema nini.

Sista Miriam alikuwa anapanga ratiba za Jumapili, zimetoka kuchapwa. Nilimwambia mzee Swalihu hana hatia. Nikamweleza kwamba Jumanne niliwatuma watoto wa zamu kumwagilia maua, kwamba bomba lile ni gumu kwa mkono wa mtoto, kwamba kazi ya kulikagua ilikuwa yangu na sikuikagua. Kila neno lilikuwa kweli.

Aliweka kalamu chini. "Jumatano ulikuwa mwimbaji, jana ukawa mpelelezi, leo wakili," akasema. "Nani amekubadilisha, Mwalimu?"

Nikasema hakuna.

"Basi umejuaje leo ambacho jana hukukijua?"

Nikazitazama ratiba mezani. Akauliza ni mtoto gani aliyeacha bomba wazi. Nikasema niliwatuma sita, na aliyewatuma ni mimi.

"Hujui au hutaki kusema?"

"Sitaki, Sista."

Alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mzee Swalihu siku tatu zile, kuanzia usoni hadi mikononi, akitafuta kinachofichwa. Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Nilijua ameuona. Akauliza kama mzee amenilalamikia, au kama kuna mtu amenituma, au kama nimeona aibu ya beti zangu na sasa nataka kuifunika kwa hadithi. Damu ilinipanda. Mimi, Silvano, naitwa mwongo mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu. Majibu mazuri yalinijia, mengine yenye vina. Nikayameza moja moja.

Akamwita mzee. Akamuuliza kuhusu bomba la groto. Swalihu akaeleza habari ya kijiti na mtaro, na alivyolikuta bomba wazi, kwa maneno machache, bila kunitazama. Sista akauliza kwa nini hakuja kusema.

"Nilisema Jumatano," mzee akajibu. "Mwalimu alikuwa na zamu ya kuongea."

Sista aliishika tena kalamu yake. Kisha akachukua ratiba moja, akaonyesha mahali palipochapwa jina langu, mtunzi na msimamizi wa ngonjera, akapiga mstari juu yake, taratibu, kwa rula. Akasema mzee anabaki na anamwomba radhi kwa niaba ya shule. Jumapili watoto watasimamiwa na mwalimu mwingine, mimi nitakaa nyuma na wazazi, na Jumatatu nitaleta maelezo ya maandishi yenye jina la mtoto. Bila jina hilo hataamini kwamba sijamficha mtu mzima.

Nje nilitaka kumwambia mzee Swalihu jambo. Alikuwa ameshachukua ufagio.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia. Siku tatu aliitikia salamu ambayo sikuitoa, na siku niliyoitoa akaniacha nayo mkononi. Alifagia akielekea kwenye ua.

Gladness alikuwa ananingoja mlangoni mwa darasa la nne, begi mgongoni. Wenzake walikuwa wameshaondoka. Aliniamkia, kisha akauliza huku anatazama viatu vyake.

"Mwalimu, karatasi yangu iliungua? Nilitazama, sikuiona."

Ningeweza kusema imeungua. Ilikuwa rahisi, na angelala vizuri.

"Haikuungua," nikasema. "Upepo uliitoa. Niliiokota, nikaisoma. Niliwaahidi sitasoma, nikasoma. Hilo ni kosa langu, na lile la bomba ni langu pia. Wewe ulikuja kuniambia."

Uso wake ulijikunja. Akauliza kama Sista anajua. Nikamwambia Sista anajua habari ya bomba, hajui jina. Nikamtolea karatasi nikampa mkononi. Akaichana vipande vidogo kabisa, akavitia mfuko wa sketi, asiniamini na hata kimoja. Sikumlaumu.

Kisha akasema kwa sauti ambayo ilinibidi niiname niisikie kwamba padre amemwambia akamwombe babu Swalihu msamaha, akiweza, kabla ya Jumapili. Naye anaogopa, kwa sababu aliimba, na babu alimwona akiimba.

Nikatazama kwenye ua. Mzee alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwetu, aking'oa magugu kwenye tuta.

Nilichuchumaa hadi macho yetu yakawa sawa.

"Nisikilize, Gladness. Naenda kwake sasa hivi, peke yangu, nikamwambie kwamba beti zile nilizitunga mimi na nyinyi mlizisikia kwangu. Akinifukuza nitarudi kesho asubuhi, na mchana, mpaka anisikilize. Nikimaliza ndipo nitakuita, nawe utasema lako ukiwa umesimama nyuma yangu. Na Jumatatu Sista akiniuliza jina, hata akiniambia nifungashe vitu vyangu, jina lako halitatoka kwangu. Nakuahidi."