Midomo kwenye Sahani

Nimewakataza kunywa tereré, ile chai ya majani yenye barafu, maabarani mpaka koo limenikauka. Hawasikii! Alasiri ile niliwakuta wanafunzi wangu wanne wa utafiti wakipitishiana kikombe cha pembe ya ng'ombe chenye mrija wa chuma, kando ya sahani za bakteria wekundu waliowaotesha.

"Mwalimu, joto la Paraguay litatuua," Eladio alijitetea.

"Litakukuta umeshakufa. Huu mrija ulilala wapi?"

"Uligusa sahani kidogo tu," Nimia alisema akicheka. "Nikaufuta na koti."

Koti lile lile la maabara. Nilitaka kupasuka. Nikachukua sahani safi yenye chakula cha bakteria, nikaukandamiza humo mdomo bapa wa mrija mara nne, mara moja kwa kila mnywaji, nikaifunga kwa utepe na kuiacha rafuni. Maabara nikaifunga mwenyewe, ufunguo nikalala nao.

Asubuhi nikaishusha mbele yao. Utepe ulikuwa haujaguswa. Alama za mrija zilikuwa zimeota nyekundu, zimelowa, kama midomo midogo inayotaka kusema. Lakini zilikuwa tano.

"Nilikandamiza nne," nikasema. "Nani mwingine alikunywa?"

Nimia alikuwa ananitazama mdomoni.

"Wewe, mwalimu. Ulivyoingia nilikunyooshea kikombe, ukapokea, ukavuta, ndiyo ukaanza kutugombeza."

Nilifungua kinywa nikane. Kwetu Paraguay kikombe kikinyooshwa, mkono hupokea bila kukuuliza. Ubaridi wa chuma ulikuwa bado upo ulimini.