Udongo Uliomufuata Adolphine

Clémentine, jirani wa Adolphine, anasema alikuwa anachagua mawe kwenye muchele, akaona udongo wa nyumba ya pili, ile ya Adolphine, unateremka ukutani, unavuka kizingiti, unashika njia. Hakupiga kelele. Alivuta ungo wake pembeni usipate vumbi.

Udongo ulimufuata Adolphine. Asubuhi ile alikuwa amefukuzwa. Sheria ya Wabeleji ilisema mwanamuke hawezi kushika nyumba ndani ya cité, mutaa wa watu weusi wa Kindu. Mume akifa, nyumba inakwenda kwa ndugu yake. Mume wa Adolphine alikufa, na shemeji Isidore akaingia na kitanda chake. Miti ya nyumba ilikatwa na marehemu. Udongo aliukanyaga na kuukandika Adolphine, maana kukandika njo kazi ya wanawake.

Mara nyingi wanawake walikuwa wamekwenda ku biro ya serikali kuomba sheria ile ifutwe. Karani Florentin aliwaacha kwenye jua.

“Mabwana zenu wako wapi?” aliwauliza. “Tangu lini mbuzi anajileta soko yeye mwenyewe?”

Basi, walipoona udongo unatembea, kila mumoja akaita udongo wa nyumba yake. Clémentine aliuita kama anaita kuku. Kufika jioni, nyumba zote za cité zilibaki miti na kamba. Wanaume walikula wakionekana, walioga wakionekana. Wanawake walileta vigoda, wakakaa barabarani.

“Karani, geuka kidogo!” Clémentine alisema. “Upande ule bado hatujaona!”

Mvua ikanyesha. Isidore alishikwa na kikohozi. Adolphine alikisikia kila asubuhi, na uji wake ukazidi utamu.

Muzungu mukubwa wa territoire, mutawala wa wilaya yote, alikuja, akapitisha fimbo yake katikati ya miti, akasema nyumba bila kuta ni nyumba bado, na sheria ni ile ile. Aliweka askari kando ya muto, nje ya cité, Adolphine asije akajenga pale. Udongo ukalala miguuni pake, nje, na yeye akalala nje.

Siku moja Florentin akaja kutoka kuoga, amejifunga majani ya ndizi kiunoni.

“Mama Adolphine, tafazali. Uambie udongo urudi. Hata kwa chumba ya kulala tu.”

Adolphine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliongeza majani kwenye kinu, akaendelea kutwanga, na udongo haukutoka miguuni pake.