Aliyeandikwa Amehama

Salamu zilimfikia Bujiku mbugani, kwenye majani mabichi ya kando ya mto, zikiletwa na mchuuzi wa chumvi: "Mkeo Mbuke anasema karani wa mahakama amekuja kusafisha orodha ya wazee wa baraza. Jina lako limekatwa tena. Wameandika umehama."

"Tena?" Bujiku aling'aka.

Mwaka wa pili huo. Kijiji kilimpendekeza, masika akakaa vizuri tu akingoja kuitwa, kiangazi akafutwa. Na tangu watu wakusanywe vijijini, kesi za Usangu zilikuwa ng'ombe na mpunga, mpunga na ng'ombe, na hakuna mfugaji hata mmoja aliyewahi kukaa kando ya hakimu akaulizwa maoni.

Akamwachia mdogo wake Seni ng'ombe, akashika fimbo. Siku moja na nusu kwa miguu.

Alimkuta karani Bartholomeo, mtu wa Kihesa, Iringa, kwenye ofisi ya kijiji, daftari wazi mezani. Pembeni alikaa balozi wa nyumba kumi, Saulo, mwenye mashamba ya mpunga.

"Ndugu karani, pole na kazi. Mimi ndiye niliyehama."

Karani akamtazama vumbi lilivyompanda hadi magotini. "Basi umehamia karibu, mzee."

"Orodha ni ya wakazi," Saulo akadakia. "Huyu ni kama mvua, tunamwona masika tu."

"Nyumba yangu ile pale. Mke wangu yupo, shamba ninalo. Ng'ombe ndio wanaosafiri, mimi nawasindikiza!"

"Wewe karani," Mbuke alisema kutoka mlangoni, "mbona huji masika ukamkuta?"

"Mama, masika gari litapita wapi? Tope lile?" Bartholomeo akakuna kichwa. Kila mwaka alikuja njia ikikauka, na njia ikikauka wafugaji hawapo. Hakuwahi kuliona hilo. Akamgeukia balozi. "Ng'ombe huingia mpungani miezi gani?"

Saulo akakohoa. "Masika. Mpunga ukiwa umesimama."

"Na kesi husikilizwa lini?"

"Hapo hapo."

"Basi mtu wetu yupo kazi inapokuwepo." Karani akaandika upya jina, na mbele yake: *kiangazi aitwe mwingine*. Akamgeuzia Bujiku daftari atie sahihi. Bujiku alikataa kidau cha wino wa dole gumba. Akashika kalamu, akaandika jina lake herufi moja moja, kama walivyofundishwa darasa la watu wazima, ulimi nje.

"Haya," Saulo akasema, "ng'ombe wako wakila mpunga wangu, utanihukumu wewe?"

"Siku hiyo mimi nitakuwa mshtakiwa. Kiti watampa mwingine. Ila usiongeze magunia ya fidia, balozi, mahesabu ya mpunga nayajua."

Saulo akacheka, naye karani akacheka. Mbuke akawaita wote watatu wakale, na Bujiku, ambaye miguu ilikuwa inamuuma kweli kweli, akaketi kwenye kigoda akanyoosha miguu, hana haraka.