Mlango wa Wifi

Asubuhi ile Bisibisi aling'oa mlango wa wifi yangu huku wifi mwenyewe yumo ndani, ameketi kwenye cherehani, uzi mdomoni.

Jina lake halisi tulishalisahau. Mwenye nyumba wetu tulimwita Bisibisi kwa sababu hiyo ndiyo silaha yake, inakaa mfuko wa shati kama kalamu ya mwalimu. Ukichelewa kodi hakugombezi wala hakutupii vyombo nje. Anafungua bawaba, anajitwika mlango kichwani, huyoo anakwenda zake. Ukilalamika ana jibu moja tu: "Nani kamfukuza mtu hapa? Nimechukua mlango wangu. Wewe kaa."

Na nani atakaa chumba kisicho na mlango? Siku mbili tatu mtu anafunga virago mwenyewe, na Bisibisi anatangaza kwamba kahama kwa hiari.

Mimi alinifanyia hivyo mwaka ule mama yangu anaumwa, nimemleta kwangu nimuuguze. Siku tano mama wa watu alikohoa mbele ya macho ya wapita njia. Nikahangaika, nikalipa, mlango ukarudi. Lakini mlango kurudi si moyo kurudi. Tangu hapo nikimwambia "shikamoo mzee," mdomo ndio unaamkia. Moyo unasema siku yako ipo.

Sasa kamgusa wifi, dada wa mume wangu, fundi wa kushona sare za shule. Shule ilichelewa kumlipa, naye akachelewa kodi miezi miwili. Chumba kile ndiyo nyumba yake, ndicho kiwanda chake. Hata kwenda msalani ilibidi aite mtu wa kumlindia vitambaa visiibwe.

"Hamishia hicho cherehani kwangu," nilimwambia. "Kwangu kila siku kumejaa watu, cherehani ndicho kitakosa pa kukaa?"

"Nikikitoa tu, wifi, kesho ameshaingiza mpangaji mwingine. Atasema nimehama. Sitoki."

"Haya, kufa na vitambaa vyako."

"Nikifa nani atanishonea sanda? Wewe hata kutunga uzi hujui."

Tulicheka. Lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Mimi kazi yangu kusuka nywele, na hakuna habari ya mtaa isiyopita kibarazani pangu. Mchana ule mikononi nilikuwa na kichwa cha karani wa baraza la nyumba, lile linaloamua kesi za wapangaji. Mtu aliyesukwa nusu kichwa haendi popote. Nami nikasuka polepole makusudi.

"Dada karani, hivi mwenye nyumba anaruhusiwa kung'oa mlango wa mtu?"

"Ana amri ya baraza?"

"Amri yake bisibisi."

Karani akageuka, nikamrudisha kichwa mahali pake. "Kuchelewa kodi ni kosa, simtetei mtu. Lakini hatolewi mpangaji bila amri. Kwanza ampe barua. Siku za barua ziishe. Halafu aje kwetu, na sisi ndio tuseme. Kung'oa mlango, kukata umeme, kubadilisha kufuli, huko kote ni kumfukuza mtu kinyemela. Barua alimpa?"

"Ya siku kumi na nne. Akang'oa siku ya nne."

"Basi barua hiyo ndiyo kesi yenu. Mnayo?"

Vidole vyangu vikasimama. Barua zake Bisibisi huzibandika mlangoni kwa gundi ya mbao, watoto wasizichane. Barua ilikuwa mlangoni, na mlango ulikuwa kwake, nyuma ya geti lake.

Kesho yake wifi akafungua shauri, mimi nikilinda cherehani. Likabaki jambo moja: kumfanya mtu abebe mwenyewe kamba ya kumfungia. Na mzee yule namjua. Ukimwita katili, anacheka. Ukimwita mjinga, hapati usingizi.

Nikaanza kusuka maneno. Kwa muuza mkaa nilisema, "Masikini Bisibisi, kesi imemshinda. Kumbe hakuandika barua yoyote!" Kwa mke wa fundi viatu nikaongeza, "Ataandikaje, mtu kalamu haijui?" Kufika alasiri maneno yamenirudia mwenyewe, yameota mikia: Bisibisi benki anaweka dole gumba, barua zote huandikiwa na mjukuu. Nikashika kifua. "Jamani! Nani kasema?"

Siku ya shauri alikuja na mkokoteni, na juu ya mkokoteni, mlango.

Aliuegemeza ukutani mbele ya mwenyekiti, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, akavaa miwani yake. "Mama mwenyekiti, mtaani wananiita mbumbumbu. Barua hii hapa! Nimeandika kwa mkono wangu huu huu!" Akaisoma yote kwa sauti ya mhubiri, tarehe, siku kumi na nne, jina, mpaka sahihi.

"Mwandiko mzuri," mwenyekiti akasema. "Na mlango uliung'oa lini?"

"Siku ya nne. Mimi mambo yangu sicheleweshi."

Karani akaandika. Nyuma yangu mtu akakimeza kicheko, kikamtokea puani.

"Siku ya nne, mzee, katika kumi na nne ulizompa mwenyewe?"

Nilimwona akihesabu. Niliona jibu linamshuka kutoka kwenye miwani mpaka magotini. Wallahi, hata kiingilio ningelipa.

Amri ikatoka: mlango urudi leo, kwa mkono wake, kama ulivyokuwa, na asiguse mlango wa mpangaji yeyote bila ruhusa ya baraza. Wifi naye hakubembelezwa. Deni ni deni. Alipe nusu mwezi huu, nusu ujao.

Alasiri nilitoa viti vyangu vyote uani. Wageni wakawa wengi kuliko viti.

"Mtu anishikie hapa," Bisibisi akasema, mlango umemwelemea begani.

"Sisi milango hatuijui, mzee," akajibu muuza mkaa. "Fundi ni wewe."

Akaushikilia kwa goti, jasho linamtona mpaka kwenye bawaba. Ndani, wifi alikuwa anapindia marinda, hata kichwa hakuinua. Alipoambiwa tayari, ndipo akaja, akafungua, akafunga, akajaribu komeo, akapapasa bawaba moja moja.

"Skrubu moja haipo."

"Ya nini tena, mama? Mlango si umesimama?"

"Baraza limesema kama ulivyokuwa."

Ilikuwa imemdondoka. Akapiga magoti, akaanza kupapasa vumbi mbele yetu sote, mfuko wa shati umeinama, bisibisi ikachomoka ikaanguka nayo. Wifi akaingia ndani, akapiga komeo, na cherehani kikaanza kuimba.

Ile skrubu niliiona kabla yake, karibu na kiti changu. Nikaiwekea kandambili juu.

"Msusi, mwanangu, hujaiona?"

"Wapi, mzee wangu! Tafuta tu, jua bado liko juu."

Akaja akitambaa mpaka miguuni pangu, akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Mguu sikuuinua.