Ndevu za Arvid na Mashine ya Pumzi

Arvid Lehtola hakuwa na kitanda kambini. Hakuwa na jino la mbele upande wa kushoto, hakuwa na subira, hakuwa na ndoto hata moja aliyoikumbuka tangu astaafu kuendesha lori la magogo, wala hakuwa na mke ubavuni, kwa kuwa Lorna alikwisha kuhamia chumba cha binti yao, yeye na mto wake na redio yake. Hayo mengine alijifunza kuishi nayo. La kitanda lilimkaa kooni.

Kambi ile ya kuwindia kulungu aliijenga baba yao. Vitanda vya ghorofa mle ndani alivipigilia misumari Arvid mwenyewe, akiwa na miaka kumi na tisa. Lakini kwa misimu mitatu sasa, kila Novemba, wenzake walimtoa akalale peke yake kwenye kibanda cha sauna, kile cha kuogea mvuke, kisa kukoroma. Wao walibaki ndani wakicheza karata, naye akavisikia vicheko vyao kupitia ukuta wa magogo. Mwaka huu kaka yake Wes, mkuu wa kambi, alitoa neno la mwisho: "Ukitibiwa, utarudi kitandani. Usipotibiwa, kitanda nampa mkwe wangu."

Ndipo Arvid alipokubali kwenda kupimwa. Alilala kliniki usiku mmoja, amebandikwa nyaya kichwa kizima kama mti wa Krismasi, na asubuhi muuguzi Marisela akamwonyesha karatasi. Pumzi yake ilikatika mara arobaini na moja kwa saa.

"Ikishakatika?" akauliza Arvid.

"Ubongo unakushtua uivute tena. Wewe unadhani umelala, Bwana Lehtola, kumbe usiku kucha unakimbizana na pumzi."

Akapewa mashine ya ukubwa wa mkate, mpira mrefu wa kupitishia hewa, na barakoa ya kufunika pua na mdomo. Sharti lilikuwa moja: katika siku thelathini, alale nayo saa nne au zaidi kwa siku zisizopungua ishirini na moja. Akishindwa, mashine inarudi ilikotoka. Na mashine yenyewe ilikuwa na kumbukumbu, haikuhongeka.

Siku ya kwanza Lorna alisimama mlangoni kumtazama.

"Naona tembo," akasema. "Tena tembo wa mkonga wa kuazima."

"Nenda kalale, mwanamke."

Hewa ilimjia usoni kama ya mtu aliyetoa kichwa dirishani lori likiwa kwenye mteremko. Akivuta pumzi, mashine inasukuma, akiitoa, wanasukumana. Alivumilia dakika arobaini. Asubuhi barakoa ilikutwa ndani ya kiatu, na hakukumbuka aliivua lini. Siku tano zikapita hivyo, zote za hasara. Akampigia simu Marisela, tayari kugomba.

"Usingoje giza," Marisela akamwambia. "Ivae mchana nusu saa, huku ukifanya unalolipenda. Ukiizoea ukiwa macho, usingizi nao hautaikataa."

Basi Arvid akaivaa akitazama hoki kwenye runinga. Akaivaa akimenya viazi, mpira ukamfikisha mpaka kwenye sinki, ukagoma kwenda mbele. Aliivaa hata akigombana na gazeti. Na kweli, ikaanza kumwelewa, au yeye akaanza kuielewa. Kila asubuhi alisoma namba kwenye kioo cha mashine na kuzipigia kelele kutoka juu ngazini:

"Saa tano na dakika kumi!"

"Hongera, mzee. Shuka unywe kahawa."

Siku nane mfululizo akafaulu. Kisha zikaja ndevu.

Sheria ya kambi ilikuwa ya tangu enzi za baba yao: kuanzia tarehe mosi Oktoba mpaka msimu wa kulungu uishe, mwanamume hagusi wembe. Anayenyoa anaosha vyombo vya kambi nzima, wiki mbili, masufuria ya mafuta yakiwemo. Arvid hakuwahi kuosha hata kikombe kule. Ndevu zake zilipofika kimo cha kucha, barakoa ikaacha kushika, hewa ikapenya pembeni ikipiga mluzi. Akakaza mikanda mpaka masikio yakauma. Mluzi uleule. Siku nne nyingine zikapotea, na alipopiga hesabu akaona kwamba zimebaki kumi na tatu, naye anazihitaji zote kumi na tatu.

Wazee wake waliotoka Finland walikuwa na msemo: kisichoponywa na sauna, pombe na lami ya msonobari, hicho utazikwa nacho. Sauna na pombe Arvid alikwisha kuvijaribu miaka ile, bila faida. Lami ilikuwepo kopo zima gereji, ile nyeusi ya kupaka chini ya vibao vya kutelezea kwenye theluji. Akajipaka ndevuni kuzunguka mdomo, akashindilia barakoa, akajilaza. Mluzi ukakata. Alilala saa sita na nusu.

Asubuhi barakoa ikakataa kutoka.

"Lorna!" akaita, na sauti ikatoka kama ya mtu aliye kisimani. "Njoo na siagi!"

Lorna alikuja, akatazama, akaketi chini sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu. "Siagi ya nini? Unataka nikukaange?"

"Acha mzaha. Vuta."

"Nikivuta, uso nao unakuja." Akarudi na mkasi. "Chagua, mzee. Nikate hapa kwenye lami tu, ubaki na ndevu viraka kama mbwa mwenye upele, kesho ujipake tena. Au ninyoe zote."

Arvid aliyaona masufuria. Akayaona na macho ya wenzake. Halafu akauona ule ukuta wa magogo, kwa upande wa nje.

"Nyoa," akasema.

Marisela akampa barakoa nyingine, akijizuia kucheka bila mafanikio. Usiku ule ikamkaa kidevuni kama mfuniko kwenye sufuria yake. Saa saba na dakika hamsini! Tena aliota: yuko mtoni na marehemu mama yake, wanagombania ndoano. Akaamka mwepesi, akapanga gereji yote kabla ya kifungua kinywa, na jioni yake Lorna akaurudisha mto wake, ingawa redio aliiacha kule ikiwa akiba. Zile siku kumi na tatu zikatimia zote.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, Wes akaja kuoga sauna kama kawaida yao, ndevu zimemtuna kama ufagio.

"Mungu wangu! Shemeji, mume wako yuko wapi? Nani huyu mvulana?"

"Nitaosha vyombo, kaka," Arvid akasema. "Kitanda changu nakitaka."

"Kidevu si cheti. Nitajuaje umepona?"

"Tukitoka kuoga, mimi nalala hapa sebuleni. Wewe kaa usikilize."

Wakaoga, wakanywa kahawa na mkate wa iliki, kisha Arvid akavaa barakoa yake mchana kweupe, akajinyoosha kwenye kochi. Baada ya nusu saa akahisi anatikiswa kwa nguvu.

"Arvid! Arvid, umekufa?"

"Nimelala, wewe! Una nini?"

"Sikusikia kitu," Wes akasema, jasho limemtoka. "Hata kidogo. Nikadhani…" Akajikohoza. "Haya. Kitanda cha chini, kilekile. Mkwe wangu atalala sauna, naye ana miguu inayonuka."

Arvid alicheka kwa sauti, akamkumbatia kaka yake, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya ila msibani. Wes akarudi kitini kupumzika kabla ya kuondoka, na mara kichwa kikaanguka kifuani. Akakoroma kama msumeno. Halafu msumeno ukakatika.

Arvid akangoja. Akahesabu moyoni: kumi, kumi na tano, ishirini na mbili. Kifua cha Wes hakikupanda. Arvid alikwisha kuinuka pumzi ile iliporudi kwa mshindo.

"Sasa umejua," Lorna akasema taratibu toka jikoni. "Mimi nimehesabu hivyo miaka tisa."

Walipomwamsha, Wes akabisha. "Mimi sikoromi. Mke wangu Bernice, Mungu amrehemu, hakuwahi kulalamika."

"Bernice alikuwa hasikii, shemeji."

"Na kambini?"

"Kambini mkoromo wangu ulifunika wako," Arvid akasema. "Misimu hii mitatu niliyolala nje wenzetu wamekusikia, ila wameogopa kukwambia, wewe mkuu wa kambi. Kliniki wanataka maandishi ya mtu aliyesikia. Wewe huna tena wa kukusikia usiku. Nitaandika mimi."

Akaketi mezani akaandika, kwa mwandiko wake wa kusimama wima, alichokisikia na alichokihesabu. Wes akasoma akichungulia begani.

"Punguza iwe kumi na tano."

"Ni ishirini na mbili, kaka."

Wes akashusha pumzi, akachukua kalamu, akaandika chini jina lake na namba yake ya simu. Arvid akakunja karatasi, akalamba bahasha, akaifunga kwa kiganja. Gari la posta lilikuwa linapanda kilima. Wes akainyakua barua, akatoka na kandambili zake za sauna, akampa tarishi mkononi.