Neno la Kusimama

Zuwena aliamka na hasira, na mwenye kumtia hasira alikuwa Feisal.

Wawili hao walifanya kazi katika karakana ya mzee Salum, hapo Maisaka, wakiunda mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Ndani yake walitia kipande cha kompyuta, kidogo kama ukucha, chenye bongo kumi na sita zinazopelekeana habari kwa vijia vyembamba. Mkono ukikaribia kisu, ubongo mmoja hutuma neno: simama! Neno likichelewa, kidole hakipo.

"Nimeijaribu mara elfu, na mara zote imesimama," Feisal alisema. "Tia sahihi kwamba ni salama, dada. Mama Tajeu aliyeinunua ametoka Simanjiro na gari la kuibeba, yuko nje."

"Ulijaribu bongo nyingine zikiwa zimelala. Mimi nataka siku mbaya kuliko zote, zote zinasema kwa pamoja."

"Siku hiyo itakuja lini?"

"Siku mkono wa mtu umo ndani!"

Akaziamsha zote, akaingiza bua la mhindi lililovikwa glavu, badala ya mkono. Kwacha! Likaanguka vipande viwili.

Zuwena akafungua mpango wa zamu za habari, akaona. Iliyopewa njia kwanza ni taarifa ya mzee Salum, ile ya kumwambia kwenye simu majani yamekatwa kiasi gani. Ikifika njia panda inangoja simu ipokee, imelala katikati kama ng'ombe barabarani. Neno la kusimama haliihitaji simu, lakini limekwama nyuma ya taarifa hiyo.

"Feisal, humu namo umempisha mzee?"

"Ni mkubwa wetu. Ningemwekaje nyuma?"

"Shikamoo kampe nyumbani kwake! Humu ndani mkubwa ni mkono wa mtu!" Akapiga meza, misumari ikaruka.

Mama Tajeu alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," Zuwena akasema. "Leo hatukupi mashine."

"Marahaba. Siku mbili niko njiani, halafu hamnipi?"

Zuwena akamwonyesha bua lililokatika. Yule mama akaviokota vile vipande, akaviunganisha, vikaachana.

"Kwangu majani anakata Tajeu," akasema taratibu. Kisha akamgeukia Feisal, sauti ikapanda. "Na wewe ulitaka nimpelekee mwanangu hii?"

Feisal akainamisha kichwa.

Mama Tajeu akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele ya Feisal. "Anza upya. Nakuangalia."